Swali la Sababu katika Msaada wa Serikali kwa Wafanyakazi wa Viwandani Waliopoteza Ajira kwa Biashara ya Nje: Uzoefu wa Marekani, 1962–2022

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna serikali ya Marekani ilivyowasaidia, kwa kipindi cha miaka 60, wafanyakazi wa viwandani waliopoteza ajira kutokana na biashara ya nje. Chombo kilichotumika ni mpango ujulikanao kwa kifupi kama TAA, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1962 na kufungwa kwa maombi mapya tarehe 1 Julai 2022. Tathmini nyingi zimeupima mpango huo kwa matokeo ya mafunzo yake. Makala haya yanashikilia kwamba kabla ya mafunzo kuna jambo lililoamua zaidi, nalo ni sharti la kuthibitisha kwamba ajira ilipotea kwa sababu ya biashara na si kwa sababu nyingine. Historia ya mpango, kwa kiasi kikubwa, ni historia ya neno “sababu” likipanuliwa na kubanwa na watunga sheria, wachunguzi na mahakama.

1.0 Utangulizi

Ajira ya kiwandani inaweza kupotea kwa njia nyingi. Mashine mpya huchukua nafasi ya watu kumi. Benki hukataa kuongeza mkopo. Wanunuzi hubadili mapendeleo yao. Au bidhaa ya nchi nyingine huingia sokoni kwa bei ambayo kiwanda cha nyumbani hakiwezi kuifikia. Kwa kaya inayotegemea mshahara huo tofauti hizi hazina maana kubwa, kwa kuwa kodi ya nyumba hudaiwa mwisho wa mwezi bila kujali ni sababu ipi iliyofunga lango la kiwanda. Katika sheria za Marekani, hata hivyo, tofauti hizo zilibeba uzito mkubwa. Mfanyakazi aliyeachishwa kazi kwa sababu ya mashine alipata bima ya kawaida ya kukosa kazi, ambayo katika majimbo mengi hulipwa kwa wiki zisizozidi 26. Jirani yake aliyeachishwa kwa sababu ya bidhaa za nje alipata bima hiyohiyo, kisha aliweza kupata posho ya ziada, ada ya mafunzo, gharama za kutafuta kazi mbali na kuhamia huko, na baadaye hata mchango wa serikali katika bima ya afya.

Mpango uliotoa msaada huu wa ziada unaweza kuitwa kwa Kiswahili Msaada wa Kukabiliana na Mabadiliko ya Biashara. Katika makala haya utaitwa Mpango. Sheria zilizouunda zilikuwa pia na sehemu zilizohusu kampuni na, baadaye, wakulima. Sehemu hizo hazishughulikiwi hapa isipokuwa pale zinapotoa mwanga juu ya wafanyakazi.

2.0 Ahadi ya mwaka 1962

Wazo lilitoka upande wa wafanyakazi wenyewe. Mwaka 1954 David McDonald, rais wa chama cha wafanyakazi wa chuma, alikuwa mjumbe wa tume iliyoundwa chini ya Rais Eisenhower kuchunguza sera ya biashara ya nje. Alipendekeza kwamba, iwapo taifa linaona faida katika kupunguza ushuru wa forodha, basi liwasaidie wale watakaoumizwa na uamuzi huo badala ya kuendelea kuwakinga kwa ushuru. Tume haikulikubali pendekezo lake. Alilichukua seneta wa Massachusetts, John F. Kennedy, aliyewasilisha muswada kuhusu jambo hilo mwaka huohuo. Massachusetts ilikuwa na viwanda vya nguo na viatu vilivyokwisha kuanza kudhoofika, na seneta wake hakuweza kulitazama suala la biashara kama nadharia tupu.

Kennedy alipokuwa rais alirudi kwenye wazo hilo. Sheria ya Upanuzi wa Biashara, aliyoitia saini tarehe 11 Oktoba 1962, ilimpa mamlaka ya kujadiliana na mataifa mengine na kupunguza ushuru mwingi hadi nusu. Katika sheria hiyohiyo Mpango ulizaliwa. Hoja yake ilikuwa na miguu miwili. Mguu wa kwanza ni haki: ikiwa serikali inachukua hatua kwa manufaa ya wote, si halali mzigo wake uangukie mabega ya wachache. Mguu wa pili ni siasa: vyama vya wafanyakazi viliunga mkono upunguzaji wa ushuru kwa kuwa viliahidiwa msaada. Wasomaji wa leo huona mguu wa pili tu, wakauchukulia Mpango kuwa rushwa ya kisiasa. Mtazamo huo unapunguza mambo kupita kiasi. Ahadi iliyotolewa ili kupata kura haiachi kuwa ahadi, na wale walioipokea walikuwa na haki ya kuidai.

Walipojaribu kuidai walikuta mlango umefungwa. Sheria ya 1962 iliweka mnyororo wa sababu wenye pingu mbili. Kwanza, mwombaji alipaswa kuonyesha kwamba uingizaji wa bidhaa uliongezeka kwa sababu kuu ya punguzo la ushuru lililotolewa katika mapatano ya biashara. Pili, alipaswa kuonyesha kwamba ongezeko hilo ndilo lililokuwa sababu kuu ya watu kuachishwa kazi. Neno “kuu” lilifasiriwa kwa ukali: sababu hiyo ilipaswa kuzizidi sababu nyingine zote zikijumlishwa pamoja. Tume ya Ushuru, iliyokuwa na jukumu la uchunguzi, haikuona ombi hata moja lililotimiza masharti hayo kwa miaka saba. Kundi la kwanza la wafanyakazi kupata ithibati lilipata Novemba 1969. Katika miaka hiyohiyo mazungumzo ya kimataifa yaliyobeba jina la Kennedy yalianza, yakakamilika mwaka 1967, na ushuru ukapunguzwa kwa kiasi kikubwa. Upande mmoja wa mapatano ulitekelezwa na upande wa pili ukabaki katika karatasi. Haishangazi kwamba kufikia mwanzo wa miaka ya 1970 shirikisho kuu la vyama vya wafanyakazi lilikuwa limeiacha kambi ya biashara huria na kuunga mkono miswada ya kuzuia bidhaa za nje. Baadhi ya viongozi wake waliubeza Mpango kwa kuuita bima ya maziko.

3.0 Mlango unafunguliwa, kisha unarudishwa

Sheria ya Biashara ya 1974, iliyotiwa saini na Rais Ford tarehe 3 Januari 1975, ilikata pingu ya kwanza yote na kulegeza ya pili. Mwombaji hakulazimika tena kuyataja mapatano ya ushuru. Ilitosha kuonyesha kwamba ongezeko la bidhaa za nje zinazofanana au kushindana moja kwa moja na za kiwanda chake “lilichangia kwa umuhimu” kupotea kwa ajira na kushuka kwa mauzo au uzalishaji. Sheria yenyewe ilifafanua kwamba mchango huo uwe wa maana, ingawa si lazima uwe wa maana kuliko sababu nyingine yoyote. Uchunguzi ulihamishwa kutoka Tume ya Ushuru kwenda Wizara ya Kazi. Posho ilipandishwa hadi asilimia 70 ya mshahara wa awali, bila kuvuka wastani wa mshahara wa viwandani nchini.

Sheria hiyohiyo, katika sehemu yake ya tano, ndiyo iliyoanzisha utaratibu wa Marekani kupokea bila ushuru bidhaa nyingi za nchi zinazoendelea, zikiwamo za Afrika Mashariki. Kulegeza ushuru na kulegeza masharti ya msaada kulikuwa tendo moja la kisheria.

Matokeo ya tofauti ya maneno yalionekana wazi mwaka 1980. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda, uchumi ulikuwa umedorora, riba ilikuwa juu, na Wamarekani walikuwa wakinunua magari madogo ya Kijapani. Viwanda vya magari vilipunguza watu kwa maelfu. Wizara ya Kazi, ikitumia kipimo cha “kuchangia kwa umuhimu”, iliwapa ithibati wafanyakazi wengi wa sekta hiyo. Novemba 1980, Tume ya Biashara ya Kimataifa, iliyorithi kazi za Tume ya Ushuru, iliamua kwa kura tatu dhidi ya mbili kwamba magari ya nje hayakuwa sababu kubwa ya madhara yaliyoipata sekta hiyo, kwa kuwa mdororo wa uchumi uliyazidi. Sekta ilikuwa moja, mwaka mmoja, na takwimu zilezile, lakini vyombo viwili vya serikali moja vikatoa majibu mawili. Hakuna aliyekosea kusoma takwimu. Kila chombo kilikuwa kikijibu swali jingine kuhusu sababu: kimoja kiliuliza kama biashara ilikuwamo, kingine kama biashara iliongoza.

Gharama za posho zilipanda mwaka huo hadi takriban dola bilioni 1.6. Aidha, ilibainika kwamba wengi wa waliolipwa walikuwa wameachishwa kwa muda tu, na baadhi walipokea hundi zao wakiwa wamekwisha kurudi kazini kwa mwajiri yuleyule. Kasoro hiyo ilimpa Rais Reagan hoja aliyoihitaji. Mwaka 1981 posho ilishushwa hadi kiwango cha bima ya kawaida na kulipwa tu baada ya bima hiyo kwisha. Kuanzia hapo Mpango uligeuka taratibu kutoka fidia kuwa mafunzo, na mabadiliko ya mwaka 1988 yalikamilisha mgeuko huo kwa kufanya mafunzo kuwa sharti la kupata posho, isipokuwa kwa aliyepewa msamaha. Mtu aliyekuwa akidai alipwe kwa hasara aliyosababishiwa sasa aliambiwa arudi darasani. Kwa maoni ya mwandishi, mjadala wa kitaaluma haujalipa badiliko hili uzito unaostahili. Fidia hutazama nyuma, kwenye kosa au hasara. Mafunzo hutazama mbele, kwenye upungufu wa mtu. Swali la sababu lilibaki palepale mlangoni, ingawa ndani ya nyumba kilichotolewa hakikuwa tena na uhusiano wowote na sababu hiyo.

4.0 Jinsi ombi lilivyochunguzwa

Utaratibu wenyewe ulionekana mwepesi. Wafanyakazi watatu wa kiwanda kimoja, au chama chao, au mwajiri, au ofisi ya kazi ya jimbo, waliweza kujaza fomu fupi na kuituma. Ithibati ilitolewa kwa kundi, si kwa mtu mmoja mmoja, na iliwahusu waliopoteza kazi ndani ya mwaka mmoja kabla ya tarehe ya ombi. Hivyo aliyechelewa kupata habari aliweza kupoteza haki yake kwa kupita kwa kalenda peke yake.

Baada ya hapo mfanyakazi alitoka katika picha. Mchunguzi wa Wizara aliitaka kampuni ieleze mauzo, uzalishaji na idadi ya wafanyakazi wake. Kisha aliwauliza wateja wakubwa wa kampuni kama walikuwa wamepunguza manunuzi kwake na kuongeza manunuzi ya bidhaa za nje. Majibu yalikuwa siri ya kibiashara. Mfanyakazi aliyekataliwa aliambiwa kwamba uchunguzi haukuonyesha ongezeko la bidhaa za nje, pasipo kuonyeshwa hesabu zilizofikisha hitimisho hilo. Tangu mwaka 2002 Wizara ilipewa siku 40 kukamilisha kazi yote.

Aliyekataliwa aliweza kuomba uamuzi uangaliwe upya, na hatimaye kufika katika Mahakama ya Biashara ya Kimataifa iliyoko New York. Mashauri hayo yana majina ya huzuni, kwani karibu yote huanza kwa maneno “Waliokuwa Wafanyakazi wa”, yakifuatiwa na jina la kampuni. Yanasomeka kama orodha ya viwanda vilivyofungwa. Majaji waliilaumu Wizara mara kwa mara kwa kukubali neno la mwajiri bila kulipima. Swali moja lililojitokeza humo lilihusu neno “bidhaa”. Sheria ilimlinda anayezalisha bidhaa, nayo Wizara kwa muda ilishikilia kwamba programu ya kompyuta isiyouzwa ndani ya diski si bidhaa. Kwa hoja hiyo mwandishi wa programu ambaye kazi yake ilipelekwa ng’ambo hakuwa amepoteza kazi ya uzalishaji kwa mujibu wa sheria. Wizara iliachana na msimamo huo mwaka 2006, lakini wafanyakazi wa huduma kwa ujumla walisubiri hadi sheria ya mwaka 2009 iwataje.

5.0 Kannapolis, 2003

Mfano mmoja unatosha kuonyesha jinsi masharti haya yalivyokutana na watu. Kannapolis, katika jimbo la North Carolina, ni mji uliojengwa na kampuni ya Cannon mwanzoni mwa karne ya 20 kwa ajili ya kufuma mataulo na mashuka. Kwa vizazi kadhaa nyumba, maduka na barabara zake zilikuwa mali ya kampuni, na kijana aliyemaliza darasa la kumi aliweza kuingia kiwandani akitegemea kustaafu humo. Mwaka 1997 viwanda hivyo vilinunuliwa na kampuni ya Pillowtex. Tarehe 30 Julai 2003 Pillowtex ilitangaza kufunga viwanda vyake 16. Watu wapatao 4,800 walipoteza kazi katika jimbo hilo peke yake, idadi iliyokuwa kubwa kuliko zote katika historia ya jimbo kwa tukio moja.

Je, biashara ndiyo iliyokuwa sababu? Shinikizo la mataulo na mashuka ya bei nafuu kutoka Asia lilikuwa la kweli na lilijulikana na kila mnunuzi. Lakini Pillowtex ilikuwa imebeba madeni makubwa ya ununuzi wa mwaka 1997, na ilikuwa imekwisha kuomba kinga ya kufilisika mara moja kabla, Novemba 2000, na kutoka katika kinga hiyo Mei 2002. Kwa kipimo cha mwaka 1962 wafanyakazi wake pengine wangekataliwa, kwani nani angeweza kuthibitisha kwamba bidhaa za nje zilizidi madeni, usimamizi na mitambo iliyochakaa vyote kwa pamoja? Kwa kipimo cha baada ya 1974 walipata ithibati. Tofauti kati ya kupata na kukosa haikuwa katika hali yao. Ilikuwa katika kivumishi kimoja cha sheria.

Walichokikuta ndani kilikuwa msaada wa sheria mpya ya mwaka 2002, iliyokuwa bora kuliko zilizotangulia. Aliyejiandikisha katika mafunzo aliweza kupata jumla ya wiki 104 za kipato, ikihesabiwa na bima ya kawaida, na wiki 26 zaidi kwa aliyehitaji kwanza elimu ya msingi ya kusoma na kuhesabu. Nyongeza hiyo ilikuwa na maana kubwa Kannapolis, ambako wengi hawakuwa na cheti cha sekondari. Chuo cha jamii cha Rowan-Cabarrus kilipokea wanafunzi wa umri ambao hakikuuzoea: wanawake na wanaume waliokaa miaka 20 au 30 mbele ya mashine, sasa wakikaa mbele ya kitabu cha hesabu za sehemu. Lakini sheria iliwataka wajiandikishe ndani ya wiki 16 tangu kuachishwa kazi au wiki 8 tangu ithibati kutolewa. Mtu ambaye bado hajaamini kwamba kiwanda cha babu yake hakitafunguliwa tena alitakiwa ndani ya miezi michache achague taaluma ya maisha yaliyobaki.

Upande wa afya nao unastahili kutajwa. Kampuni inapofilisika na kuvunjwa, bima ya afya ya kikundi huvunjika nayo. Sheria ya 2002 iliahidi kulipa asilimia 65 ya ada ya bima mpya kwa njia ya nafuu ya kodi. Iliyobaki, asilimia 35, ilimpasa mtu asiye na mshahara kuitoa mfukoni. Ni rahisi kuelewa kwa nini nafuu hiyo ilitumiwa na wachache kuliko waliostahili.

Miaka michache baadaye majengo ya kiwanda yalibomolewa, na mahali pake pakafunguliwa kituo cha utafiti wa sayansi ya chakula na tiba. Mji ulipata riziki mpya. Lakini kazi za maabara zinadai shahada, na darasa la kumi pamoja na miaka miwili ya mafunzo havifiki hapo.

6.0 Sababu iliyotegemea jina la nchi

Sheria ya 2002 ilikuwa na kifungu ambacho msomaji wa Afrika Mashariki hana budi kukiangalia kwa makini. Wafanyakazi ambao kiwanda chao kilihamishiwa nje waliweza kupata ithibati kwa kuhama huko peke yake, pasipo kuthibitisha ongezeko la bidhaa, endapo nchi iliyopokea kiwanda ilikuwa na mkataba wa biashara huria na Marekani au ilinufaika na mojawapo ya sheria tatu za upendeleo. Mojawapo ya hizo tatu ilikuwa ile ya Ukuaji na Fursa kwa Afrika, yaani AGOA, ya mwaka 2000, ambayo Kenya, Tanzania na Uganda zilinufaika nayo. Kiwanda kilichohamia China hakikuwa na njia hiyo nyepesi. Wafanyakazi wake walipaswa kuonyesha pia kwamba bidhaa zilikuwa zimeongezeka au zingeelekea kuongezeka kuingia Marekani.

Kwa kanuni hiyo mshonaji wa shati ambaye kazi yake ilihamia Nairobi alikuwa na madai mepesi kuliko yule ambaye kazi yake ilihamia Guangdong. Msingi wa tofauti unaeleweka: serikali ilikiri wajibu pale ambapo yenyewe ilitia saini mkataba au kutoa upendeleo. Ni kivuli cha pingu ya kwanza ya mwaka 1962 kikirejea. Lakini kipimo hicho kilikuja mwaka mmoja tu baada ya China kujiunga na Shirika la Biashara Duniani, Desemba 2001, na ajira nyingi zaidi za viwandani zilikuwa zikipotea kwa ushindani wa China kuliko wa Afrika yote kwa pamoja. Sheria ya mwaka 2009 iliondoa ubaguzi huo kwa kukubali kuhama kwenda nchi yoyote. Ilikuwa ya muda, hata hivyo, na kila muda wake ulipokwisha kanuni zilielekea kurudi kwenye mfano wa 2002. Kati ya 2009 na 2021 watu wawili waliofanya kazi ya aina moja waliweza kupimwa kwa masharti tofauti kwa sababu tu ya tarehe ya ombi.

7.0 Tathmini

Tathmini kubwa iliyofanywa kwa ajili ya Wizara ya Kazi na kukamilika mwaka 2012 iliwalinganisha walioingia katika Mpango na watu wanaofanana nao waliopata bima ya kawaida tu. Matokeo yake hayakuwa mazuri kwa Mpango. Katika miaka ya kwanza washiriki walifanya kazi kwa kiasi kidogo zaidi, jambo la kutarajiwa kwa mtu aliye darasani. Lakini hata katika mwaka wa nne kipato chao kilikuwa bado chini ya cha wenzao. Wapinzani wa Mpango wameitaja tathmini hiyo mara nyingi tangu wakati huo.

Ugumu wa ulinganisho wa namna hii uko katika swali lilelile la sababu. Aliyepata ithibati ni, kwa ufafanuzi wenyewe wa sheria, mtu ambaye sekta yake inakufa. Kumlinganisha na mwenye umri na elimu sawa ambaye sekta yake haifi ni kumpima mgonjwa kwa mzima, kisha kuilaumu dawa. Mchumi Benjamin Hyman alipata njia ya kulikwepa tatizo hilo. Alitumia ukweli kwamba maombi hugawiwa kwa wachunguzi tofauti, na wachunguzi hao hawana mkono mmoja: wengine ni wepesi kukubali, wengine wagumu. Kwa hiyo kati ya makundi yanayofanana, baadhi yalikubaliwa na mengine kukataliwa kwa kutegemea faili liliangukia meza ya nani. Kwa kulinganisha makundi hayo aliona kwamba katika miaka kumi waliosaidiwa walipata jumla ya takriban dola 50,000 zaidi. Aliona pia kwamba faida ya kila mwaka ilipungua hatua kwa hatua hadi kwisha kabisa mwishoni mwa miaka hiyo kumi.

Watafiti wamelipokea jibu la Hyman kwa shauku kwa ajili ya kile linachosema juu ya mafunzo. Njia yake, hata hivyo, inasema jambo zito zaidi. Isingefanya kazi kama jibu la swali la sababu lingekuwa limeamuliwa na sababu yenyewe. Sheria iliwatenga watu kwa hoja kwamba wizara inaweza kubainisha nani aliumizwa na biashara na nani hakuumizwa. Lakini kwa makundi yaliyo mpakani bahati ya kupangiwa mchunguzi fulani ilitosha kuleta tofauti ya dola 50,000 katika maisha ya mtu.

Kazi ya David Autor, David Dorn na Gordon Hanson ya mwaka 2013 inaonyesha waliobaki nje ya mlango walikokwenda. Katika maeneo yaliyoshindana zaidi na bidhaa za China, malipo ya serikali kwa wakazi yaliongezeka, ila ongezeko hilo lilipitia zaidi pensheni ya ulemavu, matibabu na mifuko mingine ya jamii. Kwa kiasi cha fedha, sehemu ya Mpango ilikuwa ndogo sana. Maana yake ni kwamba wengi waliopoteza ajira kwa biashara walisaidiwa, kama walisaidiwa, kupitia mifuko ambayo haikuwauliza sababu. Na pensheni ya ulemavu, tofauti na mafunzo, kwa kawaida humwondoa mtu katika soko la ajira moja kwa moja.

Sehemu moja ya Mpango haikupata nafasi iliyostahili, nayo ni bima ya mshahara kwa wenye miaka 50 na kuendelea. Aliyekuwa akipata dola 40,000 kwa mwaka, akapata kazi mpya ya dola 30,000, alilipwa nusu ya pengo, yaani dola 5,000 kwa mwaka kwa miaka miwili. Jumla ya dola 10,000 ndiyo iliyokuwa kikomo katika sheria ya 2002. Msaada huu ulimtambua mtu mzima kama alivyo. Haukudai arudi darasani, ila ulimsaidia kukubali kazi iliyopo huku akizoea kipato pungufu.

8.0 Kufungwa kwa mlango

Tangu miaka ya 1960 Mpango umefungamana na mamlaka ya rais ya kujadili mikataba ya biashara. Juni 2015 mfungamano huo ulizaa tukio la ajabu: wabunge wa chama cha Democratic, waliokuwa watetezi wakuu wa Mpango, walipiga kura kwa wingi kuukataa katika Baraza la Wawakilishi ili kuuzuia muswada wa mamlaka ya biashara uliofungwa pamoja nao. Walishindwa 302 kwa 126 waliotaka uendelee. Majuma mawili baadaye muswada huo ulikwisha kupita kwa njia nyingine, na Mpango ukapitishwa baada yake. Mfungamano uliokuwa nguvu ya Mpango uligeuka kamba shingoni mwake. Mamlaka ya biashara yalipokwisha muda tarehe 1 Julai 2021 pasipo rais kuyaomba tena, hakukuwa na mapatano mapya ya kuubebea Mpango.

Kabla ya hapo, mwaka 2018, serikali ya Marekani ilikuwa imeanza kupandisha ushuru wa chuma, alumini na bidhaa nyingi za China. Ushuru huo ulipandisha gharama za viwanda vinavyotumia chuma, na mataifa mengine yakalipiza kwa kutoza bidhaa za Marekani. Mfanyakazi aliyepoteza kazi kwa sababu soko la nje limefungwa, au kwa sababu malighafi imepanda bei kwa ushuru, hakuwa na nafasi katika Mpango, kwa kuwa sheria ilijua sababu moja tu: bidhaa au kazi iliyovuka mpaka. Wakulima waliolipiziwa na China walitangaziwa msaada wa hadi dola bilioni 12 Julai 2018, na dola bilioni 16 mwaka uliofuata. Malipo yao yalihesabiwa kwa mazao na ekari, na hakuna mkulima aliyetakiwa kuthibitisha kwamba soya yake yeye ilikosa mnunuzi kwa sababu ya biashara.

Tarehe 1 Julai 2022 Wizara ya Kazi iliacha kuchunguza maombi mapya. Makundi yaliyokwisha kupata ithibati yaliendelea kuhudumiwa. Nyaraka za maamuzi ya Wizara ziko wazi kwa watafiti, na kila moja inataja kiwanda, mji, kilichokuwa kikitengenezwa humo, na sababu ya kukubaliwa au kukataliwa.